Wakurugenzi na mameneja wakuu wa humu: mnafanyaje hadi habari mbaya iwafikie mapema?

Mzani wa Shaba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, sitachukia.

Mimi ni mhasibu. Nimeshika vitabu vya watu miaka kumi na moja, na mwaka juzi wenye kampuni wakanipa kiti cha mkurugenzi mtendaji. Tunasambaza bidhaa za dukani: juisi, mafuta ya kula, sabuni, biskuti. Ofisi ipo mjini Dar, ghala kuu lipo Vingunguti, matawi yapo Mwanza, Mbeya na Dodoma. Si kampuni kubwa, lakini si kibanda. Watu 140 wanasubiri sahihi yangu kila mwisho wa mwezi.

Nilipopata cheo nilifanya yote wanayofanya wenye vyeo vipya. Semina ya siku tatu hotelini, dira na dhamira ukutani ndani ya fremu, kikao cha wakuu wa idara kila Jumatatu saa mbili kamili. Wanaingia, wanasoma taarifa: mauzo safi, stoo safi, madeni "yanafuatiliwa". Miezi tisa nikawa najiona uongozi nimeuweza.

Siku moja tupo kwenye foleni ya Tazara tunaelekea ghalani. Dereva wangu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua: "Bosi, ile juisi ya kule nyuma mmeamua kuifanyaje?"

Juisi gani?

Akanyamaza. Nikamwona kwenye kioo anajuta kuzaliwa.

Zilikuwa katoni 2,300, zimebakiza wiki tatu kuisha muda wa matumizi. Mtunza stoo anajua. Msimamizi wake anajua. Wapakiaji wanajua. Mama anayewaletea chai getini anajua, maana walikuwa wanamtania kwamba karibuni atagawiwa juisi ya bure. Mkuu wa mauzo anajua kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza kupita kiasi kabla ya Ramadhani. Kampuni nzima asiyejua alikuwa mmoja, naye ndiye mwenye mshahara mkubwa kuliko wote.

Nusu tuliziuza kwa bei ya kutupa. Zilizobaki tukawaita TBS, shirika la viwango, wasimamie uteketezaji, kwa gharama zetu.

Sasa ngojeni kosa langu mwenyewe. Nilimwandikia mtunza stoo barua ya onyo kali. Nilitaka watu waone kwamba sichezi, na kweli wakaona. Miezi mitatu iliyofuata sikuletewa tatizo hata moja kutoka ghalani. Panya hakuna, upungufu hakuna, hata balbu haikuungua. Ghala la peponi.

Kilichonizindua ni mlinzi. Nimefika asubuhi, nikamuuliza habari za usiku. Akajibu, "Nzuri bosi, ila mwenzangu amelazwa tangu saa nane." Nikapanda ngazi nikiwa nalitafuna hilo jibu. Sisi tukiulizwa habari, kwanza ni nzuri. Salama, safi, shwari, hata kama ndani kuna maiti. Ukweli unakaa baada ya "ila". Na mimi kwenye vikao vyangu vya Jumatatu nilikuwa namkata mtu kwenye "nzuri". "Mauzo nzuri bosi." Vizuri sana, idara inayofuata! Hakuna aliyewahi kufika kwenye "ila" yake.

Tumelelewa na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo anavunjika nini, hatukuambiwa.

Swali langu kwa mliokalia viti hivi kabla yangu: mnafanyaje? Msiniletee "kuwa karibu na wafanyakazi". Nataka vitu ambavyo mtu amevifanya kwa mikono yake.

Jicho la Pembeni

Nimeweka mkeka hapa, karanga zipo.

Sisi ofisini kuna sanduku la maoni limewekwa na mkurugenzi wa zamani. Ufunguo ulipotea. Fundi alipolivunja, ndani kulikuwa na ganda la pipi na barua ya mtu anaomba likizo. Mwombaji ameshastaafu.

Kofia Mbili

Mleta uzi, nimefanya kazi idara ya rasilimali watu miaka mingi, na mfano ambao huwa nawapa mabosi wapya ni wa Ford, kwa sababu unafanana na juisi yako kabisa.

Septemba 2006 Alan Mulally aliingia Ford akitokea Boeing. Mwaka huo kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 12.7. Akaweka kikao kila Alhamisi, kila mkuu wa kitengo aje na majedwali yenye rangi: kijani kama mambo yako sawa, njano kama yanayumba, nyekundu kama yameharibika. Wiki za mwanzo kila kitu kijani, kama mashamba ya mpunga Kilombero baada ya masika. Akawauliza, jamani, tunaelekea kupoteza mabilioni, hakuna hata kimoja kinachokwenda vibaya? Kimya.

Halafu Mark Fields, aliyekuwa anasimamia upande wa bara la Amerika, akaja na nyekundu. Gari jipya la Edge lililokuwa linatoka kiwanda cha Oakville, Kanada, lilikuwa na kasoro kwenye mlango wa nyuma, naye alikuwa amezuia lisipelekwe sokoni. Chumba kikaganda. Wenzake walijua huyu unga wake umemwagika leo. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani mwingine anaweza kumsaidia. Palepale mmoja akasema kasoro kama hiyo ameshawahi kuiona, mwingine akaahidi kutuma wahandisi. Lakini, mleta uzi, shika hili: Alhamisi iliyofuata wengine bado walileta kijani. Walikuwa wanangoja waone kama Fields atarudi kikaoni. Walipomwona amekaa kitini kwake, ndipo nyekundu zikaanza kumiminika.

Nisiwadanganye kwamba makofi ndiyo yaliyoiokoa Ford. Mwishoni mwa 2006 walikopa dola bilioni 23.6 kwa kuweka rehani viwanda na hata nembo yao, na fedha hizo ndizo zilizowafikisha 2009, wakati General Motors na Chrysler walipoangukia mahakama ya ufilisi na kubebwa na serikali ya Marekani. Ila mkopo wa namna ile unahitaji bosi anayejua shimo lina kina gani. Na huyo Fields wa nyekundu ndiye aliyerithi kiti mwaka 2014.

Swali langu kwako: kabla ya kuandika ile barua ya onyo, ulichunguza?

Chumvi ya Mawe

Ford si Vingunguti. Mnampigia makofi aliyeozesha juisi, kesho ataozesha na sabuni. Mimi naendesha kampuni ya malori, kampuni yangu mwenyewe, na nawaambia bila mkwara hakuna kazi. Dereva asiponiogopa, mafuta yanauzwa Chalinze na tela linafika Tunduma na stori. Hivi vitu vya kusikilizana ni vya kampuni ambazo hasara si ya mtu.

Mzani wa Shaba

Chumvi, ninakuheshimu, wewe una mali yako barabarani. Lakini nikuulize: unajua wangapi wanauza mafuta sasa hivi? Au unajua wale tu waliokamatwa?

Kofia Mbili, umenishika pabaya. Sikuchunguza. Niliandika ile barua mchana uleule, hasira zikiwa kooni.

Wiki kama sita baadaye kijana wa kompyuta alikuwa ananihamishia mafaili, tukawa tunapitia kundi la WhatsApp la ghala ambalo mimi simo. Mtunza stoo alikuwa ametuma picha ya zile katoni, tarehe ya mwisho inasomeka, na maandishi: "Mkuu hizi zitaozea hapa." Msimamizi wake akajibu kwa kidole gumba. Miezi miwili kabla ya foleni ya Tazara.

Kwa hiyo katika kampuni nzima kulikuwa na mtu mmoja aliyesema kwa maandishi, naye ndiye niliyempa onyo. Msimamizi sikumgusa. Mkuu wa mauzo wiki ileile nilikula naye nyama choma.

Nilikwenda ghalani nikaifuta barua mbele ya wote waliokuwapo, nikasema nimekosea. Wakuu, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Mtunza stoo akasema "hamna shida bosi", akarudi kuhesabu maboksi. Ndiyo hivyo tu. Hakunikumbatia mtu.

Kijana wa Zamu

Naombeni na sisi wa chini tuseme, maana humu naona wakubwa mnashauriana nyinyi kwa nyinyi.

Nipo kiwandani, nasimamia zamu ya usiku. Nikwambieni habari inavyosafiri. Mimi naandika kwenye daftari: mashine namba 2 imekufa. Msimamizi wa zamu anapeleka kwa meneja: mashine namba 2 ina hitilafu. Meneja anapeleka kwa mkuu wa uzalishaji: mashine namba 2 ipo kwenye matengenezo. Mkuu wa uzalishaji anafika kwa mkurugenzi: tumeanza maboresho ya mitambo. Mkurugenzi anapongeza. Kuna siku alikuja kutupongeza kiwandani kabisa, na soda akatununulia, kwa mashine iliyokufa.

Hatuogopi mkurugenzi. Mkurugenzi namwona mara mbili kwa mwaka, ataniogopesha nini? Naogopa yule aliye hatua moja juu yangu, ambaye anapanga zamu, anasaini likizo yangu, na akiamua anaweza kunipa usiku mwezi mzima. Nyinyi mkija mnasema "mlango wangu uko wazi". Sawa, upo wazi. Lakini njia ya kuufikia inapita mbele ya meza yake, na anaona nani anaingia.

Halafu kuna jambo mabosi wengi hamlijui mnalifanya. Mtu anakunong'oneza, kesho kwenye kikao unasema "nimepata taarifa kwamba…". Kwenye idara yenye watu sita! Wote tunageuka kumwangalia mmoja. Huyo ameisha, na waliobaki tumejifunza.

Kofia Mbili

Huyu kijana wa zamu apewe kikao cha bodi.

Nyongeza kwa mleta uzi: ukisikia kitu kwa kunong'onezwa, usikitumie kikiwa kibichi. Tafuta sababu ya kupita pale mwenyewe. Unataka kuona stoki ya nyuma? Sema unakagua paa kwa ajili ya mvua. Utaiona juisi kwa macho yako, na hakuna atakayemtafuta mchawi.

Wa Kangema

Salamu kutoka Nairobi. Huku tukiongelea uongozi wa kampuni lazima mtu ataje benki ya Equity, na mimi nitaitaja kwa sababu nyingine kidogo.

Equity ilianza 1984 kama chama cha kukopesha watu wajenge nyumba. Kufikia 1993 ilikuwa imefilisika kwa hesabu, yaani madeni yamepita mali. Ndio mwaka James Mwangi aliingia. Watu husimulia kama muujiza: 2004 wakapata leseni ya benki, 2006 wakaingia soko la hisa la Nairobi, leo wako hadi Congo. Lakini angalia alipoanzia. Habari mbaya ilikuwa imeshatoka, Benki Kuu yenyewe inajua. Hakukuwa na cha kupaka rangi. Mdosi anayeingia kampuni iliyolala chini ana bahati moja ambayo wewe wa kampuni inayotembea huna: watu hawana sababu ya kumdanganya. Na alikaa akishika upande wa fedha zaidi ya miaka kumi kabla hajawa mtendaji mkuu mwaka 2004. Hakuna semina ya siku tatu hapo.

Mwingine ni Bob Collymore wa kampuni ya simu ya Safaricom. Alichukua kiti 2010 kutoka kwa Michael Joseph. 2017 akaenda Uingereza kutibiwa, akakaa miezi, na baadaye akasema wazi ni saratani ya damu. Mkuu wa kampuni kubwa hivyo kusimama na kusema mimi ni mgonjwa, kwa huku kwetu ambako hata mafua ya mkubwa ni siri ya serikali, si jambo dogo. Alifariki Julai 2019. Ukiwa mfanyakazi pale na umeona bosi wako akisema lake, la kwako la mtambo kuharibika litakushinda?

Jicho la Pembeni

Hapo kwenye mafua nimecheka hadi karanga zimeingia puani.

Chumvi ya Mawe

Wa Kangema, basi na sisi tuna wetu. Charles Kimei aliingia benki ya CRDB 1998 akitokea Benki Kuu, akaiongoza miaka 20, ikaingia soko la hisa 2009, ikavuka hadi Burundi 2012. Mtu hakai miaka 20 kwa kupiga makofi.

Wa Kangema

Wala kwa mkwara, mkubwa. Huyo katoka kwenye usimamizi wa mabenki, kazi yake ilikuwa kukagua vitabu vya wenzake. Mtu wa namna hiyo unamdanganyia wapi?

Mama Leja

Mmezungumzia habari kupanda kutoka chini. Hakuna aliyegusa upande mwingine: mkurugenzi naye ana mabosi. Bodi, wenye hisa, baba mwenye kampuni. Na wengi wenu mnaowalaumu wasimamizi kwa kupaka rangi, mkifika mbele ya bodi mnapaka rangi hiyohiyo kwa brashi kubwa zaidi.

Mimi nilikuwa Arusha, mkuu wa fedha kwenye kampuni ya utalii, nikikaimu ukurugenzi. Machi 2020 wageni wakaanza kufuta safari. Siku ya kwanza mmoja, siku ya nne tukaacha kuhesabu. Wenye kampuni ni familia, na mzee ndiye mwenyekiti. Wenzangu wakaniambia subiri, mambo yatakaa sawa Pasaka.

Sikwenda na hotuba. Nilikwenda na karatasi moja yenye mistari mitatu. Fedha iliyopo inatosha wiki 11 tukilipa mishahara yote kamili. Wiki 19 tukilipa nusu. Wiki 26 tukiuza magari manne. Chini yake tarehe ambayo kila uamuzi ukipita hauna maana tena. Mzee akaniuliza, "Binti yangu, umetuletea mkosi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mkosi umekuja wenyewe, mimi nimeuhesabu tu."

Alikasirika, akatoka nje. Akarudi baada ya saa nzima akauliza ni magari gani.

Nilichojifunza: habari mbaya isiyo na tarehe ni umbea. Ukiiwekea tarehe inakuwa kazi. Na wasaidizi wangu niliwafundisha hivyohivyo. Usiniambie "wateja wanalalamika". Niambie wangapi, tangu lini, na tukikaa kimya itatufika wapi mwisho wa mwezi. Wakizoea kuleta hivyo, hata woga unapungua, kwa sababu wanaleta hesabu, hawamchongei mtu.

La mwisho, kaka zangu: mwanamke akileta habari mbaya anaambiwa ana hofu, mwanaume akiileta anaambiwa ana upeo. Ndiyo maana karatasi yangu haikuwa na kivumishi hata kimoja.

Kijana wa Zamu

Mama, kiwanda chetu kinahitaji mkurugenzi. Nipo tayari kukufutia kiti.

Mzani wa Shaba

Mama Leja, hilo la tarehe nimeliandika kwenye daftari langu, na leo Jumatatu nimelitumia. Sikuuliza "mauzo vipi". Nilimwambia kila mkuu wa idara aje na kitu kimoja kitakachotuumiza kabla ya mwisho wa mwezi na tarehe yake, na nikaanza na changu: mteja mmoja Mbeya nilimkubalia mkopo mimi mwenyewe, siku 60 zimepita, hapokei simu. Wakaangaliana. Watatu wakaleta vitu vya maana. Mmoja akaleta kwamba mashine ya kopi inakula karatasi. Mkuu wa mauzo akasema kwake hakuna. Nikakaa kimya, nikamtazama tu. Dakika nzima, wakuu, jaribuni muone dakika ilivyo ndefu. Akasema, "Nzuri tu bosi… ila sabuni ya unga Dodoma inatembea taratibu." Taratibu kiasi gani? Katoni 900.

Jicho la Pembeni

Mleta uzi, na yule dereva? Amepandishwa cheo?

Mzani wa Shaba

Nilijua mtu ataliuliza hilo, nikawa nalikwepa.

Baada ya mambo ya juisi, watu waligundua kwamba dereva ndiye mdomo unaofika kwangu. Wakaanza kumpelekea yao. Mwanzoni nilifurahi, kila asubuhi napata habari za kampuni nzima kabla ya kufika ofisini. Kisha nikaona msimamizi wa ghala anamwamkia dereva kwa heshima isiyo ya kawaida. Wapakiaji wanambebea mizigo yake. Mtu mmoja alikosa safari ya Mwanza kwa sababu ya maneno yaliyonifikia kupitia kiti cha mbele, na nilipokuja kuchunguza, maneno yalikuwa ya uongo. Nilikuwa nimekwepa chawa wa ofisini nikamlea mmoja ndani ya gari, tena bila yeye kutaka.

Nikakaa naye. Nikamwambia kaka, wewe ni dereva mzuri na mtu mwema, lakini habari za wenzako usiniletee tena, waambie waje wenyewe. Akasema, "Sawa bosi."

Sasa tunapita Tazara redio ikiwa juu. Juzi nilimuuliza habari za nyumbani, akaniambia nzuri. Nikasubiri "ila". Haikuja.

Chumvi ya Mawe

Mkuu, siku mojamoja panda daladala.